Dawa Zimenikata Hamu ya Kula: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mama yangu alitumia dawa za kifua kikuu miezi sita, nyumbani kwetu Majengo, Mombasa, na mwezi wa kwanza kilichotutisha zaidi hakikuwa kifua bali kukosa njaa. Sahani ilikuwa ikirudi jikoni kama ilivyokwenda. Haya ni yale niliyojifunza kwake, kwa wauguzi wa kliniki na kwa mtaalamu wa lishe aliyetuhudumia, pamoja na maswali ambayo majirani na jamaa wameniletea tangu wakati huo. Mimi si daktari, na panapohitaji daktari nimesema.

Tangu nianze dawa sisikii njaa hata kidogo. Je, ni kawaida?

Kwa dawa nyingi ni kawaida, ingawa si jambo la kunyamazia. Zipo dawa zinazochafua roho, zipo zinazogeuza ladha ya mdomo, na zipo zinazochelewesha chakula tumboni mpaka mtu ahisi bado ameshiba cha jana. Metformini ya sukari, Flagyl, dawa za kifua kikuu, dawa nyingi za saratani, fluoksetini ya mfadhaiko katika wiki za mwanzo, sindano za semaglutidi za sukari na kupunguza uzito: zote zinaweza kufanya hivyo. Kwa wengi hali hupoa mwili ukizoea. Metformini mara nyingi huanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole kwa sababu hiyo hiyo, na iko aina inayoyeyuka taratibu ambayo tumbo huivumilia zaidi. Ikikusumbua, ulizia hiyo.

Pengine kupotea kwa hamu ni onyo. Mgonjwa wa moyo anayetumia digoksini akianza kukataa chakula, kutapika na kuona vitu vikiwa na rangi ya manjano, huenda dawa imezidi mwilini. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Basi nile vipi na njaa haiji?

Usiingoje. Hilo ndilo kosa tulilolifanya sisi. Kila mara tulimuuliza, "Mama, una njaa?" Naye kila mara, "Sina, mwanangu." Dawa zilikuwa zimeizima njaa, kwa hiyo jibu lilijulikana kabla ya kuuliza. Muuguzi akatwambia chakula kiwekewe saa zake, kama kidonge. Tukakipanga: saa moja asubuhi, saa nne, baada ya Adhuhuri, baada ya Alasiri, baada ya Magharibi, na kitu kidogo kabla ya kulala. Msikiti uko karibu nasi, kwa hiyo adhana ilitukumbusha hata siku ambazo tulikuwa tumechoka.

Kitumike kisahani cha chai badala ya sahani. Matonge matano au sita tu. Akimaliza, alhamdulillahi. Asipomaliza, kiondolewe bila maneno, baada ya saa mbili tatu kitakuja kingine. Sahani iliyojaa wali inamshibisha mgonjwa kwa macho kabla hajanawa mikono. Na maji mengi au chai ya rangi kabla ya chakula hujaza tumbo bure, heri vinywewe nusu saa baadaye.

Chunguza pia ni saa ngapi roho yako inatulia. Wengi huwa ni asubuhi. Basi chakula kizito cha siku kiwe hapo, hata kama nyumbani mmezoea kula wali mchana. Hakuna sheria inayokataza kula samaki na wali saa moja asubuhi.

Matonge matano yatatosha kweli?

Yatatosha yakiwa mazito, na hapa Pwani tumejaliwa. Chakula chetu cha asili kimejaa tui, samli, simsim, korosho na njugu, vitu ambavyo mtu mzima mwenye kitambi anaambiwa avipunguze, na ambavyo mgonjwa anayekonda anavihitaji sana. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta au samli kina takriban kalori 120, na kinapotea ndani ya bakuli la uji bila mgonjwa kuhisi ameongezewa chochote. Konzi moja ya njugu ina kama kalori 170 na gramu 7 za protini. Yai moja lina gramu 6 za protini. Glasi ya maziwa, gramu 8. Mtu mzima anahitaji walau gramu moja hivi ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mgonjwa anayepona mara nyingi huhitaji zaidi. Kwa hiyo mwenye kilo 50 ana hesabu ya gramu 50 za kuanzia, na hesabu hiyo haiwezi kujazwa na uji mtupu wa mahindi, hata anywe sufuria nzima.

Chakula kilichomwinua mama ni bokoboko. Ngano na nyama vimepikwa mpaka vikapondeka pamoja, juu samli: ni laini, hakihitaji kutafunwa, na vijiko vinne vyake vina nguvu kuliko vijiko vinne vya ugali na mchicha. Nyumba nyingi hukipika siku za shughuli tu kwa sababu ya kazi yake, lakini tulikuwa tukipika sufuria Ijumaa, tukigawa kwenye vibakuli na kuweka kwenye friza.

Siku ambazo hakuna bokoboko, fanya haya. Uji wa mtama au wa mchele uupike kwa tui au maziwa, kisha ukoroge kijiko cha siagi ya njugu. Pojo au mbaazi za nazi ziponde kidogo na uzimwagie tui zito mwisho. Dagaa wakaange wakauke, uwasage wawe unga, na unga huo uutie kwenye mchuzi wowote. Hamri moja ukiikata katikati na kuipaka siagi ya njugu ni mlo kamili kwa mtu asiye na hamu. Parachichi likipondwa na asali na maziwa hunyweka hata na mwenye vidonda vya koo. Tende tatu nne ziwe kando ya kitanda kila wakati.

Mwenye sukari, figo au moyo asiyachukue haya yote kama yalivyo. Asali na tende si za mwenye sukari kuzila ovyo, na mgonjwa wa figo ana hesabu yake ya protini anayopangiwa na mtaalamu wa lishe.

Harufu ya vitunguu vikikaangwa inanitapisha. Nifanyeje?

Usiwe wewe unayepika, kama kuna mtu mwingine. Kama huna, pika saa ambayo roho imetulia, madirisha wazi, na upike cha siku mbili kwa mara moja. Chakula kilichopoa hutoa harufu kidogo kuliko cha moto, ndiyo maana mtindi baridi, faluda, embe bivu, yai la kuchemsha na mkate wa sinia huingia wakati ambapo biriani inarudisha mtu chooni. Papa na ng'onda viondoke nyumbani kwa muda.

Tangawizi inasaidia kichefuchefu kwa watu wengi. Chemsha kipande kilichopondwa, unywe kidogo kidogo. Kula kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani: kipande cha mkate mkavu au biskuti isiyo na krimu. Baada ya kula kaa wima, usilale chali.

Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, hata mzima anakosa hamu kwa joto la Mombasa. Mgonjwa ale alfajiri na usiku, mchana apewe vya kunywa vyenye nguvu. Na tahadhari moja: kisahani kikikaa kando ya kitanda saa mbili kwenye joto hilo, kimwagwe. Mwili uliodhoofika hauwezi kuendeshwa tumbo juu ya yote hayo.

Ukitapika mara kwa mara ilhali umejaribu yote haya, ziko dawa za kuzuia kutapika. Muulize daktari. Nimewaona watu wakivumilia miezi, wakidhani kutapika ni sehemu ya matibabu.

Kila kitu kina ladha ya chuma.

Flagyl na baadhi ya dawa za saratani hujulikana kwa hilo. Tumia kijiko cha plastiki au cha mti. Chakula kikamuliwe ndimu, au kiwe na ukwaju. Nyama nyekundu ndiyo inayochacha mdomoni zaidi, basi ibadilishe kwa mayai, kuku wa kupaka au mbaazi. Kabla ya kula sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Kunyonya ubuyu au kipande cha barafu huleta mate mdomo ukiwa mkavu.

Ukiwa na vidonda mdomoni mambo hugeuka: ndimu, pilipili na achari vikae mbali. Na ukiona utando mweupe ulimini na kumeza kunauma, mara nyingi hiyo ni fangasi, inatibika upesi. Usiiache ikakunyima chakula wiki mbili.

Nimeze dawa kabla au baada ya kula?

Inategemea dawa, na watu wengi huondoka dirishani bila kuuliza kwa sababu foleni ni ndefu. Uliza. Dawa za kifua kikuu hufanya kazi vizuri zaidi tumboni mkiwa hamna kitu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baadaye, lakini zikikutapisha unaweza kuruhusiwa kuzimeza na chakula kidogo, kwani hilo ni bora kuliko kuziruka. Metformini humezwa pamoja na chakula. Dawa ya malaria ya AL, ile ya dozi sita kwa siku tatu, inahitaji mafuta ili iingie mwilini sawasawa. Malaria nayo hukata hamu, kwa hiyo mtu huimeza kwa maji matupu, jambo ambalo ni hasara. Glasi ya maziwa au vijiko vichache vya uji wa nazi vitafaa. Doksisaiklini na siprofloksasini, kinyume chake, hazitaki kukutana na maziwa. Ziachie nafasi ya saa kadhaa. Vidonge vya chuma havipatani na chai. Na anayetumia dawa za ARV zenye dolutegraviri, akianza vidonge vya chuma au kalsiamu vya kujengea mwili, amwambie mhudumu wake kwanza apangiwe saa.

Nimesikia jodari haliwi na dawa za kifua kikuu. Ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake, na kwa mji wa samaki kama huu ni vizuri kuujua. Isoniazidi, moja ya dawa hizo, hupunguza uwezo wa mwili kuvunja histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Jodari na vibua waliokaa bila barafu ya kutosha hujaa histamini, na kuwapika hakuiondoi. Mtu anayetumia dawa hiyo anaweza kuwa mwekundu uso na kifua, akaumwa na kichwa, moyo ukamwenda mbio na jasho kumtoka. Wengi hudhani ni husuda au mzio mpya. Sisi tulimwondolea mama jodari na vibua mpaka alipomaliza, tukabaki na changu, tafi na tewa, wabichi kabisa. Ikikutokea, nenda kliniki na useme ulikula nini. Usiache samaki wote kwa hofu.

Nimedunga insulini, kisha chakula kimenishinda. Nifanye nini?

Hili ni la dharura. Insulini, na vidonge vya sukari kama glibenklamidi, huteremsha sukari hata kama hujala. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi, kuchanganyikiwa, au kipimo kikisoma chini ya 4 (mmol/L), kunywa mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Pima tena baada ya dakika 15, na urudie kama haijapanda. Ikishapanda, kula kitu, hata hamri nusu. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kabla halijatokea, mwambie daktari kwamba unakula kidogo. Anaweza kupunguza dozi au kubadilisha saa. Usiache insulini kwa uamuzi wako, hasa kama una sukari ya aina ya kwanza.

Mwanangu anatumia methilfenidati ili atulie darasani. Chakula cha shule kinarudi kama kilivyo.

Dawa hiyo hukata hamu ikiwa kazini mchana, na hamu hurudi jioni ikishapungua nguvu. Basi mpe kifungua kinywa cha maana kabla ya kidonge: mayai, mahamri kwa mbaazi, maziwa. Kopo la shule litie vitu vidogo vya kuokota, kama korosho, ndizi na vitumbua viwili, wala usimgombeze vikirudi. Jioni mwache ale hata mara mbili. Saa mbili usiku akisema ana njaa, hiyo ni njaa ya mchana mzima inadai haki yake. Apimwe uzito na urefu kila kliniki. Akiacha kukua, daktari atabadilisha dozi au kumpumzisha siku za likizo, lakini uamuzi huo ni wake daktari.

Ramadhani nifunge?

Zungumza na daktari wako wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Qur'ani, Sura ya al-Baqara, aya ya 184 na 185, alipe siku nyingine akipona, na masuala ya fidya mwulize shehe wako. Nimeona wazee wakifunga na mifupa imewatoka, kwa sababu wanaona haya mbele ya wajukuu. Nyanya zetu hao wanahitaji kuambiwa kwa heshima, na mtu wanayemsikiliza, kwamba kufungua kwao pia ni kumtii Mola.

Aliyeruhusiwa kufunga aanze kwa tende na uji wenye maziwa, aswali, kisha ale kitoweo. Viazi karai na bhajia vikitangulia, tumbo dogo la mgonjwa linajaa kabla ya samaki. Na daku asiiache.

Je, madafu yanatosha siku ambayo siwezi kula?

Dafu linarudisha maji, lakini halina protini ya maana wala nguvu nyingi. Usihesabu kuwa umekula. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha au moyo kama spironolaktoni au enalaprili, ajihadhari, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi na ikizidi inaweza kuusumbua moyo. Kwa anayetapika au kuharisha, vipaketi vya ORS ni bora. Vikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Kemisti wameniuzia vidonge vya kuongeza hamu.

Viache mpaka daktari avione. Vingine ni siproheptadini, ambayo hulaza mtu usingizi mchana na haipatani na dawa kadhaa. Vibaya zaidi ni vile vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kuhesabiwa kwenye karatasi bila jina, kwani vinaweza kuwa deksamethasoni. Hiyo hujaza uso, hupandisha sukari na presha, hudhoofisha kinga, na kuikata ghafla baada ya muda ni hatari. Kunenepa uso si kupona.

Na habbasoda, mwarobaini, muguka?

Habbasoda kidogo kwenye chakula haina neno kwa wengi. Ukiinywa kama dawa, au mwarobaini, mtajie daktari, hasa ukiwa na sukari, maana vinaweza kuiteremsha zaidi. Muguka na miraa ni jambo jingine. Vinaua njaa vyenyewe. Kijana anayemeza dawa asubuhi na kutafuna muguka kuanzia Alasiri hana saa hata moja ya siku ambayo mwili wake utaomba chakula, na hakuna bokoboko litakaloziba pengo hilo.

Mgonjwa wetu anakataa, na kila mlo unaishia kwa ugomvi.

Hapa ndipo penye uchungu. Nilimpigia mama kelele siku moja, "Unataka kufa?" Akalia. Sikumwona akila chochote siku hiyo. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akiona aibu, kwa sababu alijua tumekopa kununua kile kitoweo.

Tulichobadilisha ni hiki: tukaacha kumsimamia, tukakaa kula naye, sahani zetu ndogo kama yake. Tukamuuliza achague kati ya viwili, "Uji au mtindi, mama?", badala ya kumuuliza kama atakula. Dada yangu akamwomba amwelekeze kupika tambi za nazi, na katika kuonja chumvi na sukari alikula zaidi ya alivyokula siku mbili. Mgonjwa akisema ameshiba baada ya matonge matatu, mwamini. Hajifanyi.

Pesa hazitoshi.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma, na kwa waliokonda sana baadhi ya kliniki za kifua kikuu na ARV huwa na unga ulioongezewa virutubisho. Hautangazwi kila siku, kwa hiyo uulizie mwenyewe, na uombe kupimwa uzito na urefu. Sokoni Kongowea, dagaa, kunde, pojo na njugu ndizo protini za bei ya chini. Na jirani akikuuliza akuletee nini, usiseme "usijali". Mwambie mayai.

Nikipunguza dozi kidogo ili nile, kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa. Dawa za kifua kikuu na ARV zikirukwa-rukwa, vijidudu huzoea na dawa hazivimalizi tena. Sema ukweli kliniki. Watu husema "naendelea vizuri" kwa heshima ya daktari, na daktari naye anaandika hivyo. Mwambie: jana nilikula vijiko sita vya uji na yai nusu, nikatapika mara mbili. Maneno hayo humpa kitu cha kutibu.

Niende hospitali lini bila kungoja siku ya kliniki?

Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukiumwa upande wa kulia chini ya mbavu pamoja na kutapika, huenda ini limeumia. Nenda siku hiyo, kabla ya kumeza dozi inayofuata. Usichanganye na mkojo wa rangi ya machungwa unaoletwa na rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huo hauna madhara. Nenda pia ikiwa hata maji hayakai tumboni siku nzima, ukizimia, au ukitapika damu.

Na jipime kila wiki kwa mizani ile ile, siku ile ile, kabla ya kula. Aliyekuwa na kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya mwezi, asingoje tena. Tulikuwa tukiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mama: tarehe, kilo, na alichokula siku hiyo. Mwezi wa kwanza namba zilishuka, wa pili zikasimama pale pale, na katikati ya wa tatu daktari alipoigeuza ile kadi alimpongeza mama kwa nusu kilo.